Asiye na Kwao ni wa Nani?

Katika lugha yetu, watu wawili wakutanapo kwa mara ya kwanza, baada ya kusalimiana na kujuliana hali, swali lifuatalo aghalabu ni hili: "Kwenu wapi?" Hatumwulizi mtu "Kwako wapi?" ila pale tunapotaka kujua chumba alichopanga. Na mwenye kuulizwa, hata akiwa peke yake duniani, wazazi wamekwisha kufariki na ndugu wametawanyika, hujibu, "Kwetu Songea," au "Kwetu Pangani." Neno lenyewe limo katika wingi. Wazee waliotuachia lugha hii walitambua jambo ambalo sisi wa leo twaelekea kulisahau, nalo ni kwamba nyumba si mali ya mtu mmoja tu kama kofia au viatu. Nyumba ni mahali ambapo mtu huhesabiwa miongoni mwa watu. Ndiyo maana wahenga walisema kwamba mwenda kwao si mtumwa. Mtumwa alikuwa na mahali pa kulala, lakini hakuwa na kwao.

Tukilifikiri neno hilo vizuri, tutaona kwamba mtu asiye na makao amepungukiwa na mambo mawili kwa pamoja. Amepungukiwa na paa, na amepungukiwa na "sisi". Hapo ndipo lilipo swali la insha hii. Ikiwa ukoo umemtupa, au umekwisha, au umeshindwa kumbeba, asiye na kwao ni wa nani? Na ikiwa jibu ni kwamba yeye ni wa taifa zima, je, taifa limtendee kwa njia ya huruma, kila mtu kwa kadiri ya moyo wake, au kwa njia ya sheria na fungu la fedha lililopitishwa na Bunge?

Kabla ya kuendelea hatuna budi kueleza ni nani tunayemzungumzia. Hatumsemi mtu akaaye katika nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa makuti. Nyumba hiyo yaweza kuwa duni, ikavuja masika na kuingiza vumbi kiangazi, lakini mwenye kukaa humo ana kwao. Tunamsema yule ambaye jua likitua hajui atalala wapi: mtoto alalaye chini ya meza za sokoni, kikongwe alalaye kwenye baraza ya duka baada ya mwenye duka kufunga, mgonjwa wa akili azungukaye stendi ya mabasi, na kijana aliyetolewa chumbani kwa kukosa kodi ya miezi sita ambayo mwenye nyumba huidai yote kwa mkupuo. Katika miji yetu ya pwani, baraza ya nyumba ilijengwa ili mgeni apate mahali pa kuketi akingoja kukaribishwa ndani. Leo wako watu waliogeuza baraza kuwa kitanda, na hakuna awakaribishaye ndani.

Yafaa tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka zaidi ya ishirini iliyopita, tulipokuwa tukitumika katika ofisi ya umma ya mji mmoja mdogo ambao hauna haja ya kutajwa, ulitangazwa ujio wa mgeni mkubwa. Tuliagizwa kuandika barua ya matayarisho, nasi tuliiandika kwa mwandiko mzuri na lugha fasaha. Tukaorodhesha mambo ya kuondolewa barabarani: taka, mbwa wazururao, vibanda visivyo na kibali, na watu walalao stendi. Neno tulilolitumia lilikuwa "kusafisha". Hatukuona ajabu yoyote kuwaweka watu katika orodha moja na taka, kwa kuwa barua za namna hiyo zilikuwa zimeandikwa hivyo kabla yetu, nasi tulifuata mfano uliokuwamo katika jalada.

Siku ya tatu lori lilifika alfajiri. Miongoni mwa waliopandishwa alikuwamo bibi mmoja tuliyekuwa tukisalimiana naye kila asubuhi tukienda kazini. Alipotuona alituuliza, "Mwanangu, mnanipeleka wapi?" Tukamjibu kama tulivyoelekezwa, "Unarudishwa kwenu, bibi." Akatutazama kitambo, kisha akasema kwa upole, "Kwetu ndiko walikonifukuza." Baadaye tulipata kujua kwamba alikuwa mjane. Mumewe alipofariki, shamba na nyumba vilichukuliwa na ndugu wa marehemu, naye akaambiwa arudi kwa wazazi wake, ambao walikuwa wamekwisha kufa siku nyingi. Haikupita nusu ya mwezi, bibi yule alikuwa amekwisha kurudi stendi.

Jambo lililotukera tangu siku hiyo si jibu lake peke yake. Tulikuja kukumbuka kwamba fedha za kazi ile zilipatikana siku ile ile. Mafuta ya lori yalipatikana. Posho za askari na makarani, sisi tukiwamo, zilipatikana. Lakini kama mtu angeuliza siku hiyo ni fungu gani katika makadirio ya mji lililotengwa ili bibi yule apate chumba, asingelipata, kwa kuwa halikuwapo. Kwa hiyo haikuwa kweli kwamba hatukuwa na fedha kwa ajili yake. Tulikuwa nazo, ila tulikuwa tumeamua, pasipo kujua kwamba tumeamua, kwamba fedha hizo ni za kumwondoa, wala si za kumweka.

Tabia hii ya kumwona asiye na makao kuwa mkosaji ina historia, na mwanafunzi wa historia hana budi kuijua. Mwaka 1824 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya uzururaji, iliyomfanya mtu alalaye nje asiyeweza kueleza anaishi kwa njia gani kuwa mhalifu. Wengi walioguswa na sheria hiyo walikuwa askari waliorudi kutoka vita vya Napoleon wakiwa hawana kazi wala nyumba. Sheria za namna hiyo zilisafirishwa mpaka katika makoloni. Hapa kwetu zilikuta miji iliyogawanywa kwa rangi, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, ambamo Mwafrika alihesabiwa kuwa mpita njia: aje kufanya kazi, kisha arudi kijijini. Mwaka 1944 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini watu walioitwa wasiotakiwa. Tulizame neno hilo kidogo. Halisemi kwamba mtu huyu ametenda nini. Lasema tu kwamba hatakiwi.

Baada ya Uhuru tulifuta mengi, lakini vifungu vya uzururaji viliendelea kuwamo katika Kanuni ya Adhabu. Mwaka 1983, nchi ikiwa katika dhiki kubwa ya uchumi, ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na watu wasioweza kuonyesha kitambulisho cha kazi walikamatwa mijini na kupelekwa vijijini na mashambani. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, yaani kila mwenye nguvu afanye kazi. Lakini wengi walirudi mjini, kama bibi yule alivyorudi stendi, kwa sababu kumhamisha mtu si sawa na kumpa makao. Mwishowe, tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yapo Arusha, ilitoa maoni ya kisheria kwamba sheria za uzururaji hazipatani na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zilizo nazo zina wajibu wa kuzifuta au kuzirekebisha. Uingereza yenyewe, kwa upande wake, ilikwisha kupitisha mwaka 2022 kifungu cha kuifuta ile sheria yake ya 1824. Itakuwa ajabu iwapo sisi tutaendelea kuihifadhi hirizi ambayo mganga mwenyewe ameamua kuitupa.

Basi, tukikubali kwamba kulala nje si kosa la jinai, tumefika nusu ya njia tu. Kuacha kumpiga mtu si sawa na kumsaidia. Hapo ndipo tunapokutana na hoja za wale wasemao kwamba jambo hili halihusu fedha za umma. Hoja hizo si za kudharau, nasi tutazijibu moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza husema kwamba kumtunza asiye na makao ni kazi ya ukoo, na kwamba Serikali ikijiingiza itaharibu utamaduni wetu wa kutunzana. Hoja hii ina heshima yake. Katika vijiji vya zamani yatima aligawiwa kwa mjomba au shangazi, mjane hakuachwa peke yake, na mgeni alipewa chakula kabla ya kuulizwa jina. Mwalimu Julius Nyerere, katika maandishi yake ya mwaka 1962 juu ya ujamaa, alikumbusha methali isemayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuitaja methali hiyo ili kuwakemea wavivu. Lakini tuisome tangu mwanzo wake. Inaanza kwa siku mbili za kulazwa na kulishwa bila masharti. Na siku ya tatu, mgeni anapopewa jembe, maana yake ni kwamba lipo shamba la kulima, na jioni ipo nyumba ya kurudi. Jembe halikuwa njia ya kumfukuza mgeni. Lilikuwa njia ya kumfanya mwenyeji. Leo sisi twataka kumpa mtu jembe katikati ya lami, pasipo shamba wala paa, kisha tukimwona amekaa tunamwita mvivu.

Zaidi ya hayo, ukoo uliweza kutunza kwa sababu ulikuwa na ardhi na mikono mingi mahali pamoja. Leo ardhi inauzwa, vijana wako mbali, na mwenye mshahara mmoja anatarajiwa kubeba watu kumi katika vyumba viwili. Nao walioko barabarani ni wale hasa ambao ukoo wao umeshindwa au umewafukuza. Mjane aliyenyang'anywa shamba, kikongwe aliyeshutumiwa uchawi kwa sababu ya macho yake mekundu, mtoto aliyekimbia kipigo cha baba wa kambo: kuwaambia watu hawa warudi kwenye ukoo ni kumrudisha aliyeungua motoni. Kwa hiyo, Serikali inapowapa makao haiuui ukoo. Inashika mahali ambapo mkono wa ukoo umekatika.

Hoja ya pili husema kwamba sadaka yatosha. Kwa kweli watu wetu si wachoyo. Siku ya Ijumaa mbele ya misikiti, na Jumapili mbele ya makanisa, mikono mingi hutoa, na zipo nyumba za watoto yatima zinazotunzwa na waumini kwa miaka mingi. Mungu awalipe. Lakini sadaka ina mipaka yake kwa asili yake. Sadaka humlisha mtu leo, wala haiwezi kumwahidi kesho. Humfikia anayeonekana, ikampita aliyejificha kwa aibu. Na tena humwacha mpokeaji chini ya hiari ya mtoaji, kiasi kwamba hana budi kujikunja na kushukuru ili apewe tena. Hapa ndipo ilipo tofauti kati ya hisani na haki. Hisani ni kitu ninachoweza kukunyima nisiwe na hatia. Haki ni kitu unachoweza kukidai ukiwa umesimama wima. Mtoto aingiapo shule ya msingi ya umma hamshukuru mkuu wa shule kwa ukarimu wake, kwa kuwa shule ni yake. Twaona ni sawa iwe hivyo kwa elimu. Kwa nini isiwe hivyo kwa mahali pa kulaza kichwa, ambako mtoto huyo huyo atafanyia kazi zake za shule?

Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 12, yatambua kwamba kila mtu anastahili kuheshimiwa na kuthaminiwa utu wake. Ibara ya 11 yaiagiza mamlaka ya nchi kuweka utaratibu ili mtu apate ustawi wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Jirani zetu wa Kenya, katika Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 43, wameitaja haki ya makazi kwa jina lake. Maneno hayo ni mazuri, lakini neno la Katiba lisilo na fungu la fedha ni kama mlango uliochorwa ukutani.

Hoja ya tatu ndiyo isemwayo zaidi vijiweni: watu hawa ni wavivu, na wakipewa nyumba wataongezeka. Hatukatai kwamba wapo wavivu miongoni mwao, kama walivyo wavivu miongoni mwa wenye nyumba, hata miongoni mwetu watumishi wa umma. Lakini na tufikiri jinsi kazi ipatikanavyo. Mtu atafutaye kazi yampasa awe amelala, ameoga, na ana mahali pa kuweka nguo na vyeti visilowe wala kuibiwa. Akitaka kitambulisho, au kufungua akaunti ya benki, au kudhaminiwa polisi, ataulizwa barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Asiye na nyumba hana mtaa, asiye na mtaa hana mwenyekiti wa kumwandikia barua, na asiye na barua hana wa kumwamini. Kumwambia atafute kazi kwanza ndipo apate nyumba ni kumwambia apande ngazi ambayo kipandio chake cha kwanza kimeng'olewa.

Nchi ya Ufini, huko kaskazini mwa Ulaya, ilijaribu kuugeuza utaratibu huo. Kuanzia mwaka 2008 serikali yake iliamua kwamba mtu apewe kwanza makao yake mwenyewe, yenye mkataba wa upangaji, kisha asaidiwe katika ulevi, ugonjwa au ukosefu wa kazi. Mabweni ya kulaza watu kwa usiku mmoja mmoja yaligeuzwa kuwa nyumba za kudumu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watu wasio na makao nchini humo walizidi 15,000. Mwaka 2023 walikuwa chini ya 4,000. Tunajua kwamba Ufini ni nchi tajiri, na hatusemi tuige kila kitu. Lakini funzo lake halikuwa la utajiri. Lilikuwa funzo la mpangilio: kipi kitangulie kingine.

Yabaki hoja ya nne, nayo ndiyo nzito. Yasemwa kwamba nchi yetu ni maskini, kwamba zahanati hazina dawa za kutosha, kwamba visima havijachimbwa, na kwamba walimu wenyewe wanaosoma insha hii wamo wasio na nyumba za shule na hupanga chumba mbali na kazi. Hatuwezi kuipuuza hoja hii, wala hatutaki kumnyang'anya mwalimu ili kumpa mzururaji. Twasema mambo mawili tu.

La kwanza, makadirio ya mapato na matumizi si hesabu tupu. Ni waraka ambamo taifa huandika kwa tarakimu kile linachokiamini. Mara nyingi tumeamua kwamba jambo fulani lina thamani, na fedha zikapatikana wakati tungali maskini. Mwaka 1962, uhuru ukiwa bado mchanga, nchi ilianzisha Shirika la Nyumba la Taifa, na katika miaka hiyo nyumba bora zilijengwa Magomeni mahali pa vibanda. Katika miaka ya 1970, ilipoonekana kwamba kubomoa na kujenga upya ni ghali mno, njia ilibadilishwa: vikapimwa viwanja vyenye huduma Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikaboreshwa badala ya kubomolewa. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kuwalipa pensheni ya kila mwezi wazee wote wenye umri wa miaka 70 na zaidi, pasipo kuwauliza kama waliwahi kuajiriwa. Mwaka 2018 Bunge liliingiza katika sheria agizo la halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwaka 2022 zilizinduliwa nyumba za Magomeni Kota kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi hapo kabla ya nyumba za zamani kubomolewa. Katika mambo yote hayo hakuna hata moja lililongoja nchi itajirike kwanza.

La pili, kutokuwapo kwa fungu si bure. Tunalipa kwa njia nyingine: kwa malori, kwa mahabusu, kwa wagonjwa wafikao hospitali wakiwa mahututi, kwa watoto wanaojifunza wizi kwa wakubwa. Tunalipa kila mwaka wala hatupati kitu, kwa sababu mwaka ujao watu ni wale wale.

Kwa hiyo tuwaombe wabunge wetu nini? Tusiwaombe maghorofa kwa kila mtu, kwa kuwa aombaye yote kwa siku moja hupewa ahadi tu. Tuwaombe mambo machache yenye kupimika. Kwanza, hesabu. Mipango yetu mingi ya kuwasaidia maskini, ukiwamo ule wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, hutumia kaya kuwa kipimo. Basi asiye na kaya huponyoka hata kwenye wavu uliofumwa kwa ajili ya maskini. Pili, fungu dogo katika kila halmashauri ya mji, la kulipia chumba cha kawaida kwa miezi ya mwanzo. Vyumba vya kupanga vipo. Kinachokosekana ni kodi ya kuanzia na mtu wa kudhamini. Tatu, maofisa ustawi wa jamii wa kutosha wa kumfuata mtu huyo, kumpatia barua yake, na kumtetea katika mirathi aliyodhulumiwa, maana shamba la mjane likirudishwa ni nyumba iliyopatikana bila tofali. Nne, makao ya wazee, kama yale ya Nunge na Fungafunga kwa upande wa Bara, na Sebleni na Welezo kwa upande wa Visiwani, yapewe riziki ya uhakika, wala yasingoje misaada ya sikukuu. Tano, vifungu vya uzururaji vifutwe, ili ofisa aende kwa watu hao na daftari wala si pingu.

Hapa msomaji aelewe jinsi mambo yanavyokwenda. Ibara ya 99 ya Katiba yasema kwamba Bunge halitashughulikia muswada wenye kutoza kodi au kutoa fedha katika Mfuko Mkuu wa Hazina ila kwa mapendekezo ya Rais yawasilishwayo na Waziri. Maana yake ni kwamba mbunge hawezi kusimama mwezi Juni akazua fungu jipya kwa ufasaha wa ulimi wake. Neno lapasa lianze mapema: katika mkutano wa mtaa, katika baraza la madiwani linapopitisha makadirio ya halmashauri, katika wizara na katika kamati za Bunge. Mwenye kuja siku ya mwisho na kilio hukuta mkate umekwisha kukatwa. Lakini mbunge aliyeelezwa mapema, kwa hesabu ya kata yake na kwa gharama ya chumba kimoja, hana udhuru wa kusema hakujua.

Wala wabunge wasituambie kwamba watu hawa hawajulikani waliko. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, Sensa ya Watu na Makazi ilipoanza, makarani walikwenda na vishikwambi vyao mpaka stendi na barazani kuwahesabu waliolala humo. Watu hao wamo ndani ya idadi ile ya Watanzania 61,741,120. Ikiwa tuliwatafuta usiku ili wakamilishe idadi yetu, hatuwezi kuwapoteza mchana tunapogawana fedha. Aliyehesabiwa katika watu na ahesabiwe katika bajeti.

Nanyi walimu na wanafunzi mna sehemu yenu, nayo yaanzia katika lugha. Twasema "mtoto wa mitaani" kana kwamba mtaa una mimba. Twasema "chokoraa" na "ombaomba" kana kwamba hayo ni makabila. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kulifanya neno moja la namna hiyo kuwa somo la kipindi kizima: neno hili lasema nini juu ya anayetajwa, na lasema nini juu ya sisi tunaolitaja? Mwalimu wa uraia anaweza kuwapeleka wanafunzi kusikiliza baraza la madiwani likijadili makadirio, wakatafuta humo fungu la wasio na makao, na wakauliza kwa adabu kama halimo. Mwanafunzi aliyejua akiwa na umri wa miaka kumi na saba kwamba fungu la fedha ni uamuzi wa watu, wala si mvua ya mbinguni, hatakuwa karani kama tulivyokuwa sisi. Hataandika barua kwa kufuata mfano uliomo katika jalada.

Bibi yule hatukumwona tena baada ya masika ya mwaka ule. Hatujui alikwenda wapi, wala hatukuwa na pa kumwulizia, maana mtu asiye na mtaa hana jirani wa kuleta habari zake. Tumeyaandika haya kwa kuwa deni lake haliwezi kulipwa kwake tena, nalo deni lisilolipika kwa mwenyewe hulipwa kwa mwingine. Na kwa vile kazi yetu nyingine, nje ya ofisi, imekuwa kutunga mashairi, tunaomba kufunga kwa ubeti mmoja tuliomtungia:

Nyumba si bati na kuta, nyumba ni kusema kwetu,
Usiku unapopita, mtu asikose watu,
Alo njiani twamwita, naye ni katika wetu,
Fungu lake akipata, ndipo utatimu utu.

Asiye na kwao, basi, ni wa nani? Ni wetu. Lakini neno hilo halitakuwa kweli kwa kulisema tu. Litakuwa kweli siku litakapoonekana katika kitabu cha makadirio, likiwa na namba yake na kiasi chake, na ofisa wa kulitekeleza. Siku hiyo mtu akiulizwa stendi, "Kwenu wapi?" naye aweze kujibu kwa wingi kama sisi sote.